Jumatatu Iko Wapi

Mume wangu alikuwa akichora vibao vya maduka, na watu walimwita Fundi mpaka mimi mwenyewe nikazoea. Kinyozi, duka la dawa, soda baridi, mbwa mkali: ukiona herufi ukutani mjini kwetu ambazo hazijabanduka, basi ujue ni mkono wake. Nusu ya vibao hivyo vilikuwa vya Kiingereza, na Fundi Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Mwenye duka alimletea maneno kwenye kikaratasi, yeye akayanakili herufi kwa herufi, kubwa na nzuri. Ukimuuliza kibao kinasema nini, alijibu, "Maana ni ya mwenye duka. Yangu mimi ni rangi."

Masikio ndiyo yaliyomwacha kwanza. Yaliondoka kidogo kidogo, mpaka siku moja nikamfokea mlangoni naye akaniuliza kwa upole kama nimemwita. Nikanunua ubao mdogo wa chaki, wa kushika mkononi, tukaanza kuandikiana. Kusema kweli, ilikuwa raha. Mimi nina mdomo, kila mtu anajua, na chaki ilinifundisha kuchagua maneno. Hata ugomvi ulipungua, kwa sababu kugombana kwa maandishi kunachosha mkono. Habari za majirani, za watoto, umbea wa mtaa mzima, vyote vilipita kwenye ubao ule.

Kisha macho nayo yakaanza kufuata. Mtoto wa jicho, daktari akasema, pande zote mbili. Nikawa nakuza herufi kila ninavyoona anakunja uso. Mwanzoni ubao ulibeba sentensi nzima, baadaye maneno machache, na mwishowe neno moja likajaza ubao wote: CHAI. LALA. MVUA. Wewe jaribu kuishi na mume wako kwa neno moja moja, ndipo utajua ndoa ina maneno mengi kiasi gani. Niliogopa, sifichi. Macho yakifunga, ubao nao umefunga, na Fundi wangu atabaki ameketi kwenye kiti kilekile sebuleni, nami sina pa kupitia kumfikia.

Kitinda mimba wetu, binti, alikulia chini ya ngazi ya baba yake. Fundi alichora mipaka ya herufi, mtoto akajaza rangi katikati, ulimi nje na pua ya bluu. Watu wakamwita Fundi Mdogo. Alipokua aliweka brashi chini akashika kompyuta, na sasa anafanya kazi hospitali kubwa, ghorofa ya juu, kwenye chumba cha watu wanaotengeneza mfumo wa wagonjwa. Ukijiandikisha dirishani unapewa miadi, na ikibadilika simu yako inalia, meseji imeingia. Hiyo ndiyo kazi yake. Fundi alimsimulia kila aliyepita: "Mwanangu naye anaandika vibao, ila vyake vinaruka!"

Siku ya kumwandikisha Fundi kwa upasuaji nilikuwepo. Muuguzi wa dirishani aliuliza tunataka lugha gani, nikasema Kiswahili, akabonyeza mahali, na ukurasa wote ukageuka mbele yangu: jina, umri, miadi, hata siku za wiki. Alhamisi, uliandika, nikaisoma mwenyewe. Daktari wa macho alikuwa mgeni, amekuja na mashine zake kwa muda mfupi, na akishaondoka hakuna aliyejua atarudi lini.

Kabla ya Alhamisi hiyo kufika, dada yangu akavunjika mguu, nikaenda kumuuguza. Fundi nikamkabidhi kwa jirani amletee chakula. Nilirudi Jumatano, na asubuhi yake nikamvalisha shati la kutokea, nikamshika mkono, tukaenda zetu.

Kwenye wodi ya macho tulimkuta muuguzi mkuu, mwanamke mwembamba aliyekuwa amechoka kabla hata siku haijaanza.

"Mzee huyu alikuwa wa Jumatatu," akasema bila kuinua kichwa.

"Alikuwa wa Alhamisi."

"Ratiba ilibadilika, mama. Wagonjwa wote walisogezwa hadi Jumatatu, wakatumiwa meseji. Wengi hawakuja. Daktari wa watu amekaa hapa amekunja mikono. Anayekacha bila taarifa tunamtoa, nafasi anapewa mwingine. Ndiyo utaratibu."

Nikampa vidonge vyake. Nilimwambia kwamba mume wangu hajawahi kukacha kitu maishani isipokuwa usafi wa banda, na kwamba utaratibu wake aupeleke kwa aliyeutunga. Watu kwenye benchi wakaanza kuguna. Fundi, ambaye hakusikia hata neno, alikuwa akitabasamu kwa adabu kuelekea dirishani, akidhani daktari yuko huko.

Nikampigia simu mwanangu, akashuka ngazi mbio. Alimwamkia baba yake kwa kumshika mabega, kama kawaida, akachukua simu ya mzee mfukoni mwa shati lake, akaifungua.

"Mama, meseji ilifika," akasema polepole. "Hii hapa. Jumatatu saa mbili asubuhi, aje na mtu. Na ameifungua tangu Jumamosi."

Akaandika kwenye ubao kwa herufi kubwa kabisa, MESEJI?, akamwekea baba yake karibu na pua.

"Nimeipokea!" akajibu Fundi kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe, wodi nzima ikageuka. "Nzuri sana, mwanangu! Zawadi yako iko nyumbani!"

Binti yangu akanitazama. Nililijua jicho lile, ni jicho la mtoto anayeanza kuhesabu uzee wa wazazi wake. "Mama," akaninong'oneza, "ameanza kusahau?"

Nikamwambia aache maneno ya ajabu. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani swali lile lilitembea na sisi, na nilimshika Fundi mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Masikio, macho, sasa na akili? Nilikuwa na hasira na kila kitu, hata na barabara.

Zawadi ilikuwa imeegemezwa ukutani nyuma ya nyumba, na harufu ya rangi ilitupokea kabla hatujaiona. Kilikuwa kibao cha mbao, cheupe, chenye herufi za bluu. Fundi alikuwa hajagusa brashi tangu macho yaanze kumsaliti. Mistari ilikuwa imeteremka upande mmoja, herufi nyingine zimepandana, lakini mkia wa kila moja ulikuwa wake kabisa, ungeujua popote. Binti yangu akaziba mdomo kwa kiganja.

"Imeandikwa nini?" nikamuuliza.

"Ndiyo meseji yenyewe, mama. Ameinakili yote. Upasuaji wako umesogezwa hadi Jumatatu saa mbili asubuhi, lazima uambatane na mtu mzima."

Nilikisogelea kibao nikakitazama kutoka juu mpaka chini. "Jumatatu iko wapi hapo?"

Akanyoosha kidole kuonyesha. Kidole kikafika, kikasimama hapohapo. Akasoma tena, midomo ikicheza, kisha akakaa chini kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa.

"Mama. Hiki ni Kiingereza."

"Hilo mimi nimeliona tangu nilipofika hapa. Nilidhani na wewe unajua."

"Sikujua. Nimeisoma hospitali, nimeisoma hapa, mara zote mbili sikuona."

Nilitaka kucheka, ila uso wake ulinizuia. Alinieleza kwamba kazini kwao kutwa nzima wanaongea Kiswahili na kuandika Kiingereza, asubuhi hiki, mchana kile, mpaka wameacha kuona tofauti, kama mtu asivyosikia saa ya ukutani kwake. Walipokuwa wakijaribu mfumo, walijitumia meseji wao kwa wao. Zikaingia, wakazisoma, wakaelewa, wakapongezana. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza amesoma lugha gani.

Akamwandikia baba yake, KWA NINI?, akionyesha kibao. Fundi akapapasa ukingo kuona kama rangi imekauka.

"Niliona jina la hospitali," akasema. "Nikajua ni kazi yako. Ni Kiingereza, kwa hiyo si ya kwangu, ni ya ofisini kwenu. Nikasema, mtoto kanionyesha kibao chake cha kwanza, na mimi nitamchorea." Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kuliko zote nilizomsikia siku hiyo, "Imetoka vibaya?"

Binti yangu hakuandika kitu. Alimkumbatia, na bluu ikamwingia shavuni na kwenye blauzi ya kazini.

Tukakaa upenuni. Nikamwambia anieleze vizuri, mimi si wa kubabaishwa na maneno ya kompyuta. Zamani nilipika kwenye kantini ya chuo, na yeye akaanzia hapohapo.

"Mtu akifungua ukurasa pale dirishani, ni kama mteja amekaa mezani. Mhudumu anamwona, anajua anataka Kiswahili, kila kitu kinakuja kwa Kiswahili. Sasa meseji za watu wengi hatuwezi kuzituma mezani, mteja atasubiri mpaka alale. Tunazipeleka nyuma, jikoni, kuna wafanyakazi wengine huko wanazituma taratibu, na muuguzi anaendelea na kazi yake."

"Hapo nimekupata."

"Mpishi hamwoni mteja, mama. Anapokea oda tu. Na oda yetu ilisema: mgonjwa huyu, siku hii, saa hii. Lugha haikuandikwa. Mpishi asipoambiwa anapika kama alivyozoea, na mfumo wetu tangu tuuwashe umezoea Kiingereza."

"Mhudumu mwenyewe ni nani?"

"Mimi," akasema. "Oda niliiandika mimi."

Nikanyamaza. Ukiwa na mdomo kama wangu, kunyamaza ni kazi ya kubeba mawe, lakini nilinyamaza, nikampangusa ile bluu shavuni.

"Unajua kinachoniuma?" akaendelea. "Maneno ya Kiswahili yamo. Niliyatunga mwenyewe mwaka jana, kila meseji, nikimfikiria baba anavyosoma ameibana simu kwenye pua. Yamekaa humo ndani muda wote huu. Hayajamfikia mtu hata mmoja."

Asubuhi ya Ijumaa alisema anakipeleka kibao ofisini. Fundi alipoelewa kinapelekwa wapi akakataa kata kata kukiachia, rangi ilikuwa haijakauka vizuri na watu hawajui kubeba. Basi tukaenda wote watatu, yeye amekikumbatia kifuani, mimi nimeshika kiwiko chake, binti akitangulia kufungua milango.

Chumba kile cha ghorofa ya juu kilijaa nyaya na vikombe vya chai visivyooshwa. Mkuu wa kitengo alikuwepo, bwana mnene mpole mwenye kalamu sikioni, na wenzake wengine, na yule muuguzi wa wodi ya macho aliyekuwa amepanda kulalamika kwamba wagonjwa wa siku hizi hawasomi meseji. Aliponiona akarudi nyuma hatua.

Binti yangu alimsaidia baba yake kukiegemeza kibao ukutani. "Naomba mkisome," akasema.

Wakasoma. Mkuu akatikisa kichwa kwa heshima. "Tumesoma. Kazi nzuri ya mikono. Ni meseji yetu ya kubadilisha miadi."

"Mmeielewa?"

"Tumeielewa, ndiyo."

"Ni lugha gani?"

Ilikuwa burudani kuwatazama. Watu wazima, wasomi, wote wakageuza shingo kwa pamoja kuangalia tena. Mkuu akatoa kalamu sikioni. Muuguzi akafungua mdomo, akaufunga, kisha akasema polepole, "Wale wote niliowatoa..."

"Walichagua Kiswahili," binti yangu akasema. Hakushusha sauti. "Waliokuja Jumatatu ni wanaosoma Kiingereza. Wengine hawakukacha, hatukuwaambia. Kosa ni langu, liko kwenye kazi za nyuma, leo mchana nitakuwa nimelirekebisha. Ila naomba warudishwe. Wote, siyo baba yangu peke yake."

Na Fundi, ambaye hakusikia chochote, aliona vivuli vya watu vimekigeukia kibao chake, akasogea mbele, akasema kwa sauti iliyotikisa vikombe: "Bluu hiyo haichuji! Hata miaka kumi!"

Mkuu wa kitengo akamwendea akampa mkono, akaushika kwa mikono yake yote miwili, muda mrefu. Muuguzi alikuwa ameshatoka, na tulisikia viatu vyake vikishuka ngazi mbio kuelekea kwa daktari. Mimi niliangalia dirishani kwa sababu macho yangu nayo yalikuwa yameanza kunisumbua, na sikutaka mtu anipeleke wodi ya chini.

Daktari akakubali kukaa siku zaidi. Binti yangu akarekebisha. Alinisimulia baadaye: sasa kila oda inakwenda jikoni na lugha ya mgonjwa imeandikwa juu yake. Mfanyakazi wa nyuma akiianza anashika lugha hiyo, akimaliza anaifuta kabisa, jinsi tunavyofuta ubao wa chaki, asije akamtumia anayefuata lugha ya aliyepita. Na oda ikija bila lugha, asijiamulie mwenyewe. Asimame na apige kelele.

"Kama wewe, mama," akasema. Nikamwambia ashike adabu yake.

Meseji iliingia alasiri ileile. Fundi alikuwa kitini pake, simu ikamtetemeka mfukoni. Akaitoa, akaibana puani, akaanza kusoma kwa sauti, silabi kwa silabi, nami nilikuwa jikoni mikono ina maji.

"Mzee wetu, pole kwa kusubiri. Tunakuomba uje Jumanne, saa mbili asubuhi. Ukimaliza utafungwa jicho moja, kwa hiyo njoo na mtu wa kukushika mkono. Usiogope."

Akairudia kutoka mwanzo. Kisha akaita jina la utani la mwanawe, kwa nguvu, ingawa mwanawe alikuwa kazini huko mjini. Nilipofika sebuleni alikuwa ameishikilia simu kifuani kama alivyokishikilia kibao.

"Huyu ni yeye," akaniambia. "Mashine haiwezi kusema usiogope. Ni yeye."

Jumanne benchi la wodi ya macho lilijaa. Wazee kwa wazee, na kila mmoja alikuja na mtu: mjukuu, mke, shemeji, jirani. Bibi mmoja alikuwa amekuja na watu wanne, akasema meseji haikutaja idadi. Muuguzi aliyechoka alipita katikati yao akimwamkia kila mmoja, na aliponifikia alinishika bega tu, nami nikalishika lake, yakaisha.

Walipoita zamu ya Fundi, hakusikia, lakini aliona mlango mweupe umefunguka. Akasimama na kunyoosha mkono pembeni, ukiwa wazi, akisubiri. Nikaweka mkoba chini ili niushike. Binti yangu alikuwa karibu zaidi, akaushika yeye. Fundi akavipapasa vidole vyake, akavitambua, wakaondoka pamoja mpaka mlangoni. Mimi niliyemshika mkono maisha yangu yote nikabaki na mkoba, na sikuona wivu hata chembe.

Kesho yake asubuhi wakamfungua bandeji. Tulikuwa tumesimama pande zote mbili za kitanda. Fundi akapepesa, akaitazama dari, akautazama mkono wake, akanitazama mimi muda mrefu, na nikajikuta natengeneza nywele zangu kama msichana. Kisha akaona kibao chake. Mkuu wa kitengo alikuwa amekishusha kwa heshima, kimeegemezwa ukutani.

"Nani kachora uchafu ule?" akauliza. "Mistari imelewa!"

Tulicheka mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha, naye akacheka.

Binti yangu akachukua ubao wa chaki. Nilidhani ataandika neno moja, kama tulivyozoea. Badala yake akainama, akaanza kwenye kona ya juu kabisa kwa herufi ndogondogo, mstari baada ya mstari, mpaka ukajaa wote. Mahali fulani katikati aliandika huku machozi yakimdondoka na ikambidi apanguse na kuanza upya. Akampa.

Fundi akausogeza mbali na uso wake, umbali wa mtu mwenye macho. Alisoma kimya, midomo ikicheza, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Sikuona kilichoandikwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuuliza.

Alipomaliza alifuta ubao kwa mkono wa shati lake la hospitali, taratibu, mpaka ukawa mweusi safi, akamrudishia.

"Haya," akasema. "Endelea."